Mkono wa Kushoto Mbele ya Wazee

Kioko na Yusuf, salamu nitawapa mwisho.

Leo nimeadhirika. Hadharani, saa tatu na kitu asubuhi, jua likiwaka, mashahidi tele. Nawaandikia mchana huu huu kwa sababu basi la Nairobi linaondoka na msafara wa askari saa nane, na kondakta amekubali kuwaachia barua hapo Thika. Isomeni kabla hamjamuuliza yeye. Atawasimulia na chumvi juu. (Alikuwepo. Nani hakuwepo?)

Mnajua nimekuwa kibarua wa ofisi ya mifugo hapa Garissa mwaka wa pili huu. Kazi yangu ni kupeleka barua. Natoka ofisini kwenda soko la ng'ombe, natoka sokoni kwenda posta, halafu narudi ofisini kuambiwa barua ile haikupigwa muhuri. Yote hayo kwa miguu. Ndala zangu zimeshonwa hadi hazina tena mahali pa kupitisha sindano.

Mwezi uliopita ofisi ikaletewa baiskeli. Moja. Kubwa, nyeusi, nzito, yenye kengele inayosikika hadi ng'ambo ya mto. Pamoja nayo ikaja nafasi moja ya kudumu: tarishi wa baiskeli. Mshahara wa kila mwezi, likizo na koti la mvua. (Garissa hii! Koti la mvua!)

Mkubwa wetu, Bwana Njoroge, akaniita. "Dekow, kazi ni yako. Lakini siwezi kukupa chombo cha serikali ukagongwe nacho. Sajini wa trafiki atakupima Ijumaa. Ukipita, nakuandikia barua ya kuajiriwa siku hiyo hiyo. Usipopita, baiskeli inapanda lori kwenda ofisi ya Griftu pamoja na nafasi yake. Wameshaiomba."

Griftu! Kule Wajir, mchanga mtupu! Baiskeli itawafaa nini huko, labda kuanikia nguo. Lakini nilimwambia, "Nitapita, bwana mkubwa," nikaenda nyumbani kumweleza mama. Kabla ya magharibi majirani wote walikuwa wameshanipongeza.

Jumanne nikapewa somo. Sajini Mutua ni mtu wa sheria hasa, hata shati lake limenyooka siku nzima katika joto hili, sijui anafanyaje. Alinisimamisha nyuma ya ofisi, akachora barabara mchangani kwa kijiti.

"Unakwenda kulia, nyoosha mkono wa kulia, kuanzia bega hadi kidole. Unakwenda kushoto, nyoosha wa kushoto. Unapunguza mwendo, mkono wa kulia unapanda na kushuka polepole. Unasimama, mkono wa kulia juu, halafu unaurudisha kwenye breki. Dereva aliye nyuma yako hasomi moyo wako, Dekow. Anasoma mkono."

Nikamuuliza, "Afande, hapo kwa kushoto, siwezi kuzungusha mkono wa kulia dirishani kama wanavyofanya madereva wa malori?"

"Una dirisha?"

"Sina, afande."

"Dereva ana upande mmoja. Wewe unazo pande mbili. Kushoto ni kushoto."

Nikasema, "Sawa, afande." Hapo ndipo nilipokosea, wala si leo asubuhi. Hapo ningefungua mdomo nikamweleza, mngekuwa mnasoma barua nyingine kabisa.

Yusuf anajua ninachosema. Kioko, ndugu yangu, wewe nitakueleza. Kwetu mkono wa kushoto ni mkono wa msalani. Una kazi yake moja na kila mtu anaijua. Huli nao, hupokei chai nao, humpi mtu kitu nao, na kumnyooshea mtu mzima huo mkono ni kama kumtukana mbele ya watoto wake. Hata mtoto anayeanza kutembea, akiutoa kuomba mkate, anapigwa kakofi akabadilisha. Sasa nimweleze hayo Sajini mwenye beji na kijitabu? Nilihofia ataniona mshamba. Mimi niliyesoma Thika! Nikanyamaza.

Na njia ya mtihani, jamani, ilikuwa na kona moja tu ya kushoto. Iko mahali gani? Mbele ya hoteli ile ndogo karibu na msikiti, ambapo wazee sita huketi kwenye mkeka kila asubuhi kunywa chai. Mmoja wao ni abti Gedi, kaka yake mama, aliyenilea tangu baba alipofariki. (Kwetu mjomba na mpwa huitana abti wote wawili, kwa hiyo msichanganyikiwe mkimsikia akiniita hivyo.)

Jumatano nilienda kufanya mazoezi. Nikafika kwenye ile kona, nikajikaza, nikanyoosha mkono wa kushoto, bega hadi kidole, kama nilivyofundishwa. Sikuwatazama wazee. Niliwasikia tu wakinyamaza.

Jioni abti akaja nyumbani. Hakuketi.

"Abti, leo asubuhi ulikuwa unamwonyesha nani ule mkono?"

"Mkono upi, abti?"

"Usinifanye mtoto. Watu wazima sita tunakunywa chai, unapita unatunyooshea mkono wa chooni? Mzee Hassan amemwaga chai yake. Ameniuliza kama nilikulea mimi au ulilelewa na fisi."

Mngefanya nini? Mimi nilidanganya. Nilisema mkono ulikuwa umekufa ganzi nikawa najinyoosha. Abti akasema nipakwe mafuta ya simsim, akaondoka. Mama akanipaka. Nililala nikinukia simsim mkono mzima, na bado sikumwambia mtu hata mmoja kwamba kazi yangu yote imening'inia kwenye mkono huo huo.

Basi alfajiri ya leo nikapata akili. (Naiita akili kwa sababu barua hii ninaiandika mimi.) Nikajiambia: Sajini anataka ishara inayoelekea kushoto. Hakusema hasa itoke wapi. Nitatumia mkono wa kulia, niupitishe kifuani, vidole vielekee kushoto. Sheria itatimia na adabu itabaki mahali pake. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha mama, nikaona inapendeza kabisa.

Kuna jambo moja sikulitilia maanani. Breki ya kushoto ya baiskeli hiyo ilikatika safarini, ikabaki ya kulia peke yake. Fundi aliniambia, "Wewe, mkono wako wa kulia una kazi mbili, kuwa mwangalifu." Nikamjibu, "Haidhuru." Neno hilo sitalitumia tena mwaka huu.

Saa tatu tukaanza. Mtihani ulipangwa hivi: mimi mbele na baiskeli, nyuma yangu lori la ofisi, na ndani ya lori, mbele, wameketi dereva Issack, Bwana Njoroge na Sajini na kijitabu chake. Kila nikitoa ishara, Issack aseme amenielewa naenda wapi. Na lori lenyewe ndilo lililokuwa liondoke leo kwenda Griftu. Nyuma walikuwa wameshafunga kamba za kuishikia baiskeli. Nilizichungulia nikapanda.

Kona ya kwanza, kulia. Nikanyoosha. Safi! Nikasikia Issack akipiga honi kidogo kunijibu. Mbele, mbuzi wanavuka. Nikapandisha na kushusha mkono, napunguza mwendo. Nikainua mkono juu, nasimama. Nikaurudisha kwenye breki, nikasimama kabisa, mguu mmoja chini, kama askari. Mbuzi wakapita. Nikageuka nikamwona Sajini anaandika huku anatikisa kichwa kwa kuridhika. Wallahi nilianza kuliona koti la mvua.

Tukaendelea. Barabara pale inateremka kidogo kuelekea mtoni, na ukingoni mwa lami mvua moja kubwa ilikuwa imeacha mchanga. Baiskeli ikaanza kukimbia yenyewe. Nikaiona hoteli. Nikauona mkeka. Wazee wote sita wapo, katikati yao sinia kubwa la anjera, ile mikate yetu laini ya kumimina, na maini, moshi unapanda. Abti amekaa akiitazama barabara, kikombe mkononi.

Mkono wa kushoto ulitaka kuinuka, nakubali. Ulifika usawa wa kiuno. Macho yangu na ya abti yakakutana. Ukarudi wenyewe.

Basi nikautoa wa kulia, nikaupitisha kifuani, vidole vikaelekea kushoto vizuri kabisa, kama kwenye kioo. Wazee wakauona. Mnadhani waliona ishara ya kukata kona? Waliona kijana mwenye adabu amewawekea mkono kifuani kuwasalimu. Wote sita wakaweka mikono vifuani. "Wa alaykum salaam!" Hata Mzee Hassan, aliyekuwa na kinyongo tangu Jumatano, alitabasamu. Na nyuma yangu Issack akapiga honi ndefu ya furaha.

Nilijisikia vizuri sana. Nadhani kwa muda wa pumzi mbili.

Halafu nikafika kwenye mchanga. Mkono wa kulia uko kifuani, unasalimu watu. Breki haina mwenyewe. Usukani umeshikwa na mkono wa kushoto peke yake, na mkono wa kushoto, ukiachiwa usukani, unavuta kwake. Kona nilikata, msiseme sikukata. Niliikata yote pamoja na ukingo, nikaruka mtaro, nikapita kati ya nguzo ya hoteli na birika, na gurudumu la mbele likagota kwenye jiwe la kushikia mkeka. Baiskeli ikasimama. Mimi sikusimama.

Mtu akianguka hutanguliza mkono. Hachagui. Nilitua kifudifudi katikati ya mkeka, na nilipofumbua macho niliona mkono wangu wa kushoto, ule niliokuwa nimeuficha kwa heshima tangu Jumatano, umezama hadi kifundo ndani ya sinia la wazee.

Maini yalikuwa moto. Sikuthubutu kuutoa. (Msiniulize kwa nini. Niliona kuutoa ni kama kuendelea kula.) Mzee mmoja alikuwa na tonge lake hewani, akalitazama, akalirudisha siniani polepole, mbali na mimi. Kisha nikafanya jambo la kijinga kuliko yote ya leo. Pale pale nilipolala nikasema, "Assalamu alaykum."

Hakuna aliyeitikia. Walikuwa wameshaitikia.

Lori likasimama, wakateremka wote. Watu wa sokoni nao wakafika, na wa posta, na kondakta wenu. Sajini alisimama juu yangu na kijitabu. Hakunisaidia kuinuka, ila alimgeukia Issack.

"Dereva, ulielewa huyu alikuwa anaenda wapi?"

"Mimi naona yeye nasalimia watu, afande," Issack akajibu kwa Kiswahili chake kisicho na "p". "Mimi bia nasalimia yeye. Nabiga honi."

"Hukujua anakata kona?"

"Najua baadaye, afande. Kisha yeye naingia hoteli."

Watu wakaangua kicheko. Sajini hakucheka. "Dekow, kushoto ni mkono gani?"

"Wa kushoto, afande."

"Kwa nini hukuutumia?"

Ndipo nikautoa kwenye sinia, unadondoka mchuzi, nikamwonyesha. Nikasema yote. Nilisema kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya mkubwa wangu na soko zima, kwamba mkono huu kwetu ni wa msalani, kwamba wale ni wazee wangu, na kwamba niliona haya kumweleza siku ile ya somo. Mashavu yaliniwaka kuliko mkono.

Sajini akautazama mkono wake mwenyewe wa kushoto. Mwajua Sajini Mutua ndiye huongoza magari pale njia panda ya soko, na huyaongoza kwa mikono yote miwili, kulia wewe, kushoto wewe, mzee wewe pita.

"Mimi niko Garissa mwaka wa tatu," akasema polepole. "Ndiyo maana wananitazama vile?"

Umati wote ukaangalia chini. Issack akakohoa.

Hapo abti Gedi, ambaye Kiswahili chake ni cha kuokoteza, akaweka kikombe chake. Akaongea Kisomali, bila kupaza sauti. "Abti, uliniambia ni ganzi."

"Ndiyo, abti."

"Mama yako amemaliza chupa ya mafuta ya simsim."

"Ndiyo, abti."

"Huu mtihani ni wa nini?"

Nikamwambia. Kazi ya kudumu, baiskeli, lori la Griftu linalongoja na kamba. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza tu, "Na hukuniambia mimi?" Mnajua, kuanguka hakukuniumiza, na vicheko vya watu nimeshavizoea, lakini swali lile lilinichoma. Mtu aliyeninunulia daftari la kwanza nilimficha jambo la sentensi moja, nikamdanganya, na bado nikamtilia mkono kwenye chakula.

Sajini akafunga kijitabu. "Ameanguka mtihani. Ishara haikueleweka, breki haikushikwa. Pole, kijana, sheria ni sheria."

Bwana Njoroge akaitazama baiskeli. Gurudumu la mbele lilikuwa limepinda kama yai. Akaguna. "Griftu siwezi kuwapelekea hii. Fundi atainyoosha kesho. Issack anarudi Jumapili." Akamgeukia Sajini. "Afande, huwezi kumpima tena Jumatatu, kabla lori halijaenda safari ya pili?"

Sajini alifikiri. "Mara moja tu. Njia ile ile, kona ile ile. Na kushoto ni kushoto. Nikiona mkono mwingine, hiyo baiskeli naifunga kwenye lori mimi mwenyewe."

Nikaona basi, yamekwisha. Jumatatu nichague kazi au nichague abti. Na baada ya lile sinia, singeweza kumnyooshea abti huo mkono hata kwa ukarani mkuu wa wilaya.

Abti akaniuliza wamesema nini. Nikamtafsiria. Akawageukia wenzake, wakateta vichwa pamoja. Mzee Hassan alikataa kwanza, nilimwona. Abti akamshika goti, akamwambia kitu, Mzee Hassan akavuta pumzi, akakubali. Abti akanigeukia.

"Jumatatu saa ngapi?"

"Saa tatu, abti."

"Pita na mkono wako wowote. Ukikaribia, piga hiyo kengele. Sisi tutageukia ukuta mpaka umalize."

Sajini akataka kujua mzee amesema nini. Issack akamwambia. Sajini akafungua tena kijitabu chake, akaandika mstari mmoja, na nilipochungulia niliona ameandika: *Kengele, kisha ishara.* Halafu akasalimiana na wazee wote sita mmoja mmoja, mkono wa kushoto ameuficha nyuma ya mgongo.

Sinia jingine nililipa mimi. Wamelila mbele yangu, wakanikaribisha, nikashindwa kumeza. Kisha nikaenda kuswali Ijumaa, na nawaambieni safu nzima niliyosimama ilikuwa ikitikisika mabega. Imamu mwenyewe alikohoa mara mbili. Mama bado hajasema kitu, ila amenunua chupa nyingine ya simsim kwa ajili ya goti.

Sasa salamu. Nawasalimu sana, na wote walioko huko Thika. Najua mmeshacheka, sitawaomba msiloliweza. Ila Jumatatu saa tatu asubuhi, popote mtakapokuwa, kazini au njiani, nawaomba kwa hisani yenu mwangalie ukutani dakika moja.

Ndugu yenu,
Dekow